Sekunde 13 kwenye kitabu cha katuni

Wapo wasomaji ambao wakisikia katuni wanafikiri ni mambo ya watoto. Hao ningewapa Kent State: Four Dead in Ohio cha Derf Backderf, kilichotoka 2020, halafu ndiyo tuongee.

Kisa chenyewe si kigeni. Tarehe 30 Aprili 1970 Rais Nixon alitangaza kwamba majeshi ya Marekani yanaingia Kambodia. Watu walidhani vita vya Vietnam vinapungua, kumbe vinapanuka! Vyuo vikawaka. Kent State, kule Ohio, jengo la mafunzo ya kijeshi lilichomwa, askari wa National Guard wakaletwa, na mchana wa tarehe 4 Mei wakafyatua risasi 67 kwa sekunde 13. Wanafunzi wanne walikufa, tisa wakajeruhiwa.

Sasa, unasimuliaje kisa ambacho msomaji anajua mwisho wake? Backderf hakimbilii risasi. Anatukalisha siku kadhaa na Allison Krause, Jeffrey Miller, Sandra Scheuer na Bill Schroeder, katika mambo yao ya kawaida kabisa ya chuo. Unaanza kuwazoea, na hapo ndipo kila ukurasa unaoufunua unauma. Scheuer hata hakuwa anaandamana, alikuwa anaelekea darasani. Schroeder mwenyewe alikuwa kwenye mafunzo ya uofisa wa jeshi!

Kilichonivutia zaidi ni askari. Nao ni vijana, wamechoka, wametolewa moja kwa moja kwenye mgomo wa madereva wa malori. Backderf hawasafishi, ila hawageuzi kuwa mashetani. Ubaya anauonyesha unavyopangwa juu, kwa amri na maneno ya wanasiasa.

Kasoro ipo. Katikati maneno yanajaa mno: vikundi vya siasa, wapelelezi, historia. Picha zinabaki kusubiri zamu yao, na mchoraji wa kiwango hiki angeziamini zaidi.

Lakini ukikifunga kitabu, swali moja halikuachi. Siku chache baadaye, mwezi huohuo, polisi waliwaua vijana wawili weusi chuoni Jackson State, Mississippi: Phillip Gibbs na James Earl Green. Wangapi kati yetu tunayajua majina hayo? Subira aliyowapa Backderf wanne wa Ohio ndiyo fasihi yenyewe. Na hao wawili wanaidai.