Sokwe wa Gombe na Damu ya Habil

Sifa njema zote ni za Allah (S.W.), na rehma na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.). Ama baad.

Kitabu Demonic Males cha Richard Wrangham na Dale Peterson, kilichotoka mwaka 1996, kinadai kuwa ukatili wa wanaume una mzizi mmoja na mapigano ya sokwe madume. Hapa Bugene hoja hiyo imewafikia vijana wetu ikiwa imekatwa nusu: "Ndivyo tulivyoumbwa, sheikh." Tumeisikia ikitetea ngumi, na tumeisikia ikitetea zinaa. Hivyo tumeona ni wajibu kukipima kitabu chenyewe. Kuhusu kuumbwa kwa Adam (A.S.), Muislamu anayo kauli ya Qur'an (3:59). Mjadala wetu hapa ni tabia.

Ushahidi mkubwa wa kitabu unatoka nchini mwetu. Jane Goodall alifika Gombe, Kigoma, mwaka 1960. Baadaye kundi la sokwe aliowachunguza liligawanyika, na kati ya 1974 na 1978 madume wa Kasakela wakawavizia wenzao wa Kahama mmoja mmoja, hadi kundi lile likatoweka.

Wapo waliopinga. Mwaka 1991 Margaret Power alisema kuwa ndizi walizolishwa sokwe na watafiti ndizo zilizowaharibu tabia. Mtu wa Karagwe ataielewa hoja hiyo, maana anajua mkungu mmoja unavyoweza kugombanisha ndugu. Lakini utafiti uliochapishwa mwaka 2014 katika jarida la Nature, uliokusanya habari za jamii 18 za sokwe, haukuona kuwa mauaji yao yanasababishwa na kuingiliwa na binadamu. Basi khatibu asipande mimbari kukanusha yaliyoonwa kwa macho.

Upungufu wa kitabu uko kwingine. Waandishi wanakiri kuwa bonobo wa Kongo ni jamaa wa karibu wa sokwe, na kwamba majike wao hushirikiana kuwazuia madume. Ikiwa ujamaa ndio hoja, tumfuate yupi? Tena, mapigano ya sokwe yameitwa "vita" kwa neno la binadamu, kisha neno hilo likarudishwa kwetu kuwa ushahidi. Vita katika fiqhi vina ahadi, mateka na amani. Sokwe wa Kasakela hakuvunja ahadi, kwa kuwa hakuwahi kuifunga.

Tuwatendee haki waandishi: hawakusema kuwa muuaji hana kosa. Hayo wameyaongeza wasomaji, nao ndio tunaowajibu.

Ng'ombe akiingia usiku katika migomba ya jirani, madhehebu yetu ya Shafii yanamtaka mwenye ng'ombe aliyezembea kumfunga alipe. Hakuna kadhi anayemwita ng'ombe barazani, kwa sababu mnyama hana taklifu. Taklifu hufuata akili na kubaleghe, wala haifuati ukali wa matamanio.

Tumtazame Qabil. Kabla hajaua, nduguye alimkumbusha khofu ya Allah (5:28). Kisha Qur'an inatueleza kuwa nafsi yake ndiyo iliyompendezesha kumuua nduguye, naye akawa miongoni mwa waliokhasirika (5:30). Msukumo wa ndani umetajwa, na hukumu imebaki pale pale. Hata kuzika alijifunza kwa kunguru (5:31), akajuta, bali majuto yake hayakuirudisha damu.

Imam Shatibi (aliyefariki 790 Hijria) ameeleza katika al-Muwafaqat kuwa mtu hatakiwi kuing'oa tabia aliyoumbwa nayo. Anachotakiwa ni kujizuia na haramu ambayo tabia hiyo inamvutia. Hakuambiwa asiwe na hasira, ameambiwa asiitekeleze.

Basi kijana anayesema "ndivyo tulivyoumbwa" amesema nusu ya maneno. Tusimcheke wala tusimfukuze msikitini. Tumkamilishie nusu iliyobaki: ndivyo tulivyoumbwa, na ndiyo maana tutaulizwa.

Wallahu a'lam.