Udukuzi, Udukizi na Unasaji: Uhakiki wa Istilahi ya Usikilizaji wa Simu kwa Siri

Katika vyombo vya habari vya Kenya na Tanzania, neno udukuzi limekuwa gunia la kutilia kila kitu: kuvunja mfumo wa kompyuta, kuiba nywila, na kusikiliza simu ya mtu pasipo yeye kujua. Makala haya yanashikilia kwamba upana huo ni kasoro yenye athari za kisheria.

Kamusi za zamani zinatupa dukiza, yaani kusikiliza kwa siri maneno ya wengine, na dukizi, mtu mwenye tabia hiyo. Kiini cha maana ni sikio. Dukizi hujibanza nyuma ya ukuta; hahitaji ufunguo. Kinyume chake, upinzani nchini Kenya ulipodai Agosti 2017 kwamba mitambo ya Tume Huru ya Uchaguzi na Mipaka ilidukuliwa, hakuna aliyefikiri kwamba mitambo hiyo ilisikilizwa. Ilieleweka kuwa iliingiwa na matokeo kuchezewa.

Yupo atakayejibu kwamba teknolojia yenyewe imeufuta mpaka huo. Pegasus, programu ya kampuni ya NSO ya Israel iliyozua mjadala mkubwa mwaka 2021, huingia ndani ya simu kwanza, kisha husikiliza. Hoja hii ina uzito, lakini haitoshi, kwa kuwa mazungumzo yaweza kuchukuliwa kwenye mtandao wa kampuni ya simu bila simu ya mhusika kuguswa.

Hapo ndipo wasemaji wa serikali huchagua kunasa mawasiliano. Kunasa ni lugha ya mtegaji, na mtegaji halaumiwi kwa kutega (anayeulizwa ni mnyama, alifuata nini pale!). Udukuzi hutamkwa tayari ukiwa kosa. Unasaji hutamkwa ukiwa kazi. Hivyo tendo lile lile hubadilika sura kwa kumtazama mtendaji, wala si kibali alichonacho. Sheria ya Kenya ya Kuzuia Ugaidi ya mwaka 2012 inadai amri ya Mahakama Kuu. Uganda ina sheria mahususi ya mwaka 2010. Mfasiri wa sheria hizo akiandika unasaji kila mahali, usikilizaji usio na amri unabaki bila jina.

Napendekeza udukuzi ubaki kwa uvunjaji wa mifumo, unasaji kwa tendo lenye kibali, na udukizi urejeshwe kwa usikilizaji wa siri usio na kibali, awe raia au ofisa. Ibara ya 18 ya Katiba ya Tanzania, inayolinda mawasiliano ya mtu yasiingiliwe, haimtaji mwingiliaji ni nani.