Neno Moja ni Maneno Mangapi? Uhakiki wa Kipimo cha Boston cha Afasia

Afasia ni upotevu wa lugha, wa sehemu au wa jumla, unaosababishwa na madhara ya ubongo, hasa kiharusi. Mwaka 1861, mjini Paris, Paul Broca alitoa taarifa juu ya mgonjwa Leborgne, ambaye usemi wake ulikuwa umebakia karibu silabi moja tu, "tan". Mwaka 1874 Carl Wernicke alichapisha uchunguzi wake juu ya wagonjwa wasemao kwa wepesi lakini wasioelewa vema. Tangu hapo maradhi haya yamekuwa uwanja wa madaktari na wanaisimu kwa pamoja. Kati yao yuko mtu wa tatu asiyetajwa sana: mtaalamu wa tiba ya usemi, yule ambaye katika baadhi ya hospitali zinazotumia Kifaransa huitwa logopède. Ndiye anayeketi na mgonjwa, kumwonyesha picha, kuandika alichosema na kukitia alama. Uhakiki huu unahusu chombo alichowekewa mkononi.

Chombo hicho ni kipimo cha uchunguzi wa afasia kilichotolewa mwaka 1972 na Harold Goodglass na Edith Kaplan, kutokana na kazi yao huko Boston, Marekani. Sifa zake si haba. Hakiulizi tu kama mgonjwa anasema au hasemi. Kinapima mbalimbali kuelewa, kurudia, kutaja majina ya vitu, kusoma na kuandika, hata mtaalamu akaona kilichobaki pamoja na kilichopotea. Katika mji huohuo, mwaka 1973, daktari Martin Albert pamoja na wataalamu wa tiba ya usemi Robert Sparks na Nancy Helm walichapisha tiba ya kutumia kiimbo kama cha wimbo kumrudishia mgonjwa usemi. Jambo hilo lathibitisha kwamba mtaalamu wa tiba ya usemi si mkono wa kujaza fomu. Anaweza kuwa mwenye wazo.

Kasoro ya kwanza ya kipimo huonekana kwa macho. Picha yake mashuhuri inaonyesha jiko la nyumba ya Kimarekani: mama anafuta sahani huku maji yakifurika kutoka kwenye beseni, naye mtoto wa kiume, juu ya kigoda kinachopinduka, anaiba biskuti kabatini. Mama wa mtaa wa Katuba au Kenya, mjini Lubumbashi, aliyezoea kupika bukari juu ya mbabula, aweza kusita mbele ya picha hiyo bila kuwa na ugonjwa wowote wa lugha. Dawa ya kasoro hii ni nyepesi: achorwe mama anayesonga bukari, chungu cha mboga kikifurika, na mtoto akipanda kiti kuiba sukari. Wengi huridhika hapo, wakadhani kipimo kimekwisha kuwa cha Kiswahili. Kumbe kasoro kubwa haimo katika picha, imo katika hesabu.

Miongoni mwa mambo yanayotiwa alama ni urefu wa fungu la maneno ambalo mgonjwa aweza kulitamka bila kukatika. Ngazi yake huanzia neno moja na kufikia maneno saba. Kwa Kiingereza hesabu hiyo ina maana, kwa kuwa nafsi na ukanushi kwa kawaida husimama kama maneno ya pekee, na njeo mara nyingine vilevile. Sasa na atazamwe mgonjwa wa Kiswahili anayesema "hatutawaambia". Ndani yake mna kikanushi, kiima, njeo, mtendwa, mzizi na kiishio: mofimu sita. Mwingereza angehitaji maneno matano kusema hivyo. Akihesabiwa kwa ngazi ya Boston, Mwingereza yuko juu ya katikati ya ngazi, na Mswahili yuko chini kabisa, ilhali sarufi aliyoijenga si ndogo kuliko ya mwenziwe.

Pengine itasemwa: basi na zihesabiwe mofimu badala ya maneno. Shauri hilo nalo halitoshi. Neno "sijui" lina mofimu tatu, lakini mgonjwa aweza kulitoa zima, kama salamu aliyoizoea, bila kuunda chochote. Kinachopasa kupimwa ni ubadilishaji: je, mgonjwa aweza kutoka "anaanguka" kwenda "walianguka", kisha "hatutaanguka", kila mara kwa kiambishi kinachostahili? Na akisema "anguka" peke yake juu ya mtoto wa pichani, je, ametoa amri, au ni kitenzi kilichovuliwa viambishi? Swali hili haliwezi kujibiwa na fomu. Hujibiwa na mtu ajuaye sarufi.

Hapa ndipo pengo la utafiti linapodhihirika. Mwaka 1984 Yosef Grodzinsky alionyesha kwamba Waebrania wenye afasia hawawezi kudondosha tu viungo vya sarufi, kwa sababu mzizi wa Kiebrania ni konsonanti tupu zisizotamkika bila irabu. Kwa hiyo huweka umbo moja mahali pa lingine. Mwaka 1990 Lise Menn na Loraine Obler walikusanya masimulizi ya wagonjwa wa lugha 14, zikiwamo Kifini, Kiebrania, Kichina na Kijapani. Kazi hiyo ni ya kuheshimiwa; lakini hamna ndani yake hata lugha moja ya Kibantu. Mfumo wa ngeli, ambao ungeweza kuwa ushahidi bora juu ya namna upatanisho unavyovunjika, haukuulizwa neno.

Liko jambo jingine, nalo lahusu Kongo hasa. Msemaji wa Lubumbashi husema "bantu banasema", "bintu", "mutoto yangu". Mpimaji mwenye Kiswahili sanifu kichwani ataandika kwamba sauti zimebadilishwa na upatanisho umeharibika. Atakuwa ameugeuza mji mzima kuwa wodi ya hospitali. Michel Paradis, katika kipimo chake cha wagonjwa wa lugha mbili kilichoelezwa kitabuni mwaka 1987, alisisitiza kwamba kwanza iulizwe historia ya lugha za mgonjwa, na kwamba kipimo kisitafsiriwe neno kwa neno. Kanuni hiyo ni njema, lakini yahitaji nyongeza: haitoshi kuuliza kama mgonjwa alisema Kiswahili, lazima iulizwe Kiswahili kipi, na nani, na kilichanganywa vipi na Kifaransa kabla ya kiharusi.

Madhara ya kukosea si ya kitaaluma peke yake. Anayepewa alama ya chini kwa makosa aweza kuonekana hana tumaini, akaachwa. Anayepewa ya juu kwa sababu maneno ya mazoea yanamtoka kwa wepesi aweza kunyimwa msaada anaouhitaji. Alama ile huamua ni nani atakayefundishwa kusema tena.

Kazi ya kwanza, basi, haihitaji mashine wala fedha nyingi. Ni kuwaketisha watu wazima wenye afya, wa mitaa na umri mbalimbali, waieleze picha moja inayowafaa, kisha kuandika walivyosema bila kuwasahihisha. Bila kipeo hicho cha usemi wa wazima, hakuna awezaye kusema mgonjwa amepoteza nini. Kazi hiyo yafaa kuwa ya wanafunzi wa isimu pamoja na wataalamu wa tiba ya usemi, nayo itangulie kipimo, isikifuate.