Sikio Juu ya Udongo Mwekundu

Mlangoni mwa duka kubwa moja katikati ya Kigali niliweka simu na funguo kwenye kisahani cha plastiki, nikapita kwenye fremu, ikalia. Mlinzi, binti mdogo tu, akachukua kifimbo cheusi. Kiunoni kikalia: mkanda, sote tulijua. Mwingine angenipungia mkono nipite. Yeye alikipandisha hadi kifuani, akasita, akakirudisha, kisha akakileta tena kutoka ubavuni, polepole, kama mtu anayepapasa tundu la ufunguo gizani.

"Samahani mzee, humu kuna kitu kingine."

Nikabisha. Kumbe kweli: sarafu ya shilingi 20 ya Kenya, imezama kwenye bitana ya koti tangu safari ya Nairobi.

Kifimbo kile hakinusi chuma. Ndani mna koili ya waya inayopitishwa umeme wa kwenda na kurudi, na sumaku yake inajaa na kupwa mara maelfu kwa sekunde. Kitu chochote kinachopitisha umeme, kikiguswa na kujaa na kupwa huko, huzaa mikondo midogo inayozunguka ndani yake, nayo mikondo hiyo ina sumaku yake inayorudi kwenye koili kama mwangwi. Kanuni hiyo Michael Faraday aliionyesha mwaka 1831. Shaba hupitisha umeme kwa kiwango cha siemens milioni 58 hivi kwa mita. Msuli wa binadamu haufiki hata siemens moja. Ndiyo maana kifimbo kilinipita mimi kama hewa, kikaganda kwenye sarafu.

Wapo watafiti wanaotaka kuona hata tofauti ndogo za mwilini, mathalani damu iliyovuja kwenye ubongo. Hukizungushia kichwa koili nyingi, kompyuta ikakokotoa picha kutokana na minong'ono yote hiyo. Picha hutoka na ukungu, kwa kuwa sumaku husambaa, haiendi moja kwa moja kama eksirei. Lakini wako watu waliowahi kuichora picha ya namna hiyo kwa koili moja, wakiwa wamepiga magoti.

Vita vya 1990 hadi 1994 viliiachia Rwanda mabomu ya kutegwa ardhini. Desemba 2009, kwenye mkutano wa Cartagena, Kolombia, nchi ikatangaza kwamba imemaliza kuyaondoa. Kutangaza ni siku moja. Kazi yenyewe ilikuwa kichochoro cha upana wa mita moja, na mtu anayesogea kwa vipimo vya shubiri.

Kila asubuhi mteguaji hukijaribu kifaa chake cha koili kwa kipande cha chuma anachokijua, kisha hukizoesha udongo wa pale, maana udongo mwekundu una chuma chake, nao hunong'ona. Akisikia mlio haishii hapo. Huukaribia kutoka kushoto, kulia, mbele, akitia alama kichwani pale sauti inapoanza na pale inapokatika. Waya mrefu hulia mrefu. Akiinua koili kidogo na mlio ukafa papo hapo, kitu ni kidogo na kiko juujuu. Ukififia taratibu, ni kikubwa na kimezama. Bomu la plastiki laweza kuwa na pini tu ya chuma isiyozidi sindano ya cherehani, na hiyo pini ndiyo yote anayopewa.

Alexander Graham Bell mwenyewe alishindwa. Mwaka 1881 alitafuta kwa kifaa cha aina hii risasi iliyokuwa mwilini mwa Rais Garfield wa Marekani, na springi za chuma za kitanda zikamvuruga. Panya waliofunzwa kutafuta mabomu na shirika la APOPO la Morogoro hawana taabu hiyo, wao hunusa baruti, chuma hawakijali kabisa. Nawahusudu panya hao, lakini moyo wangu uko kwa mwenye koili.

Mlio ukishapata umbo, anachukua kichokoo, anakiingiza ardhini kwa mshazari, nyuzi 30 hivi, ili akiligusa bomu aliguse ubavuni na si utosini. Anachimba kutoka pembeni, kwa mwiko mdogo. Mara nyingi ni kizibo cha soda. Anakitia kwenye ndoo, anapiga magoti, anapitisha koili tena palepale, kwa sababu chini ya kizibo huenda kuna kingine.