Dhahabu kwa joka, manyoya kwa feniksi: ufundi wa taji la Xiaoduan

Feniksi wa China haungui akafufuka majivuni. Huyo ni wa Wagiriki. Wa China, fenghuang, ni ndege wa heri anayesemekana kujitokeza pale tu nchi inapotawaliwa kwa haki. Kwa fundi huo ni mtihani: amtengeneze vipi ndege ambaye hakuna aliyepata kumwona, na bado kila mtu amtambue?

Jibu mojawapo liko katika Makumbusho ya Taifa ya China, Beijing. Ni taji la Malkia Xiaoduan, mke wa Kaizari Wanli wa nasaba ya Ming. Wote wawili walifariki mwaka 1620, na taji likatolewa katika kaburi lao la Dingling wanaakiolojia walipolifungua mwaka 1957. Lina majoka tisa na feniksi tisa, vito zaidi ya 100 na lulu kwa maelfu.

Shida ya kwanza ilikuwa uzito. Taji hili lina zaidi ya kilo 2, nalo ni la kuvaliwa kichwani. Kwa hiyo umbo la chini halikufuliwa kwa chuma wala fedha, bali lilisukwa kwa mianzi, likapakwa laka na kufunikwa kwa hariri. Majoka nayo hayakumiminwa kwa kalibu. Sonara aliyasuka kwa nyuzi nyembamba za dhahabu, yakabaki na uwazi ndani, kisha akayaning'inizia mishada ya lulu vinywani.

Feniksi alitengenezwa kwa njia nyingine kabisa. Mwili wake umefunikwa manyoya halisi ya mdiria. Kwa kawaida, katika ufundi huu, kibati chembamba huzungushiwa ukingo wa waya, hupakwa gundi, kisha vipande vya unyoya vilivyokatwa kwa kipimo hupangwa kimoja baada ya kingine hadi kiungo kisionekane. Bluu ya manyoya hayo haitokani na rangi iliyomo ndani yake. Ni vijitundu vidogo mno vya unyoya vinavyorudisha mwanga wa bluu, ndiyo maana haichujuki upesi kama kitambaa kilichotiwa rangi, na hung'aa kwa namna tofauti kadiri kichwa kinavyogeuka.

Hapo ndipo ufundi na maana vinapokutana. Joka ni alama ya kaizari, feniksi ni ya malkia. Mmoja akapewa madini, mwingine akapewa kitu kilichopata kuruka. Manyoya yaliongeza ndege tisa bila kuongeza uzito mkubwa. Mpangilio nao unasema jambo: majoka yako juu, feniksi wanane chini yake, wa tisa nyuma. Kanuni za Ming za mwaka 1370 zilitaja majoka tisa na feniksi wanne. Idadi ya ndege ilizidi, ila ngazi haikubadilika: dhahabu ilibaki juu.

Gharama ililipwa na midiria. Manyoya mengi ya ufundi huu yalitoka Kusini Mashariki mwa Asia, Kambodia ikiwemo. Leo mafundi wengi hutumia manyoya ya bata bukini yaliyotiwa rangi. Ni badiliko la haki, hata kama rangi ya kuchovya haina uhai ule wa mwanga. Ndege wa utawala wa haki hapaswi kutengenezwa kwa kuwamaliza ndege walio hai.