Vitanda vya Likizo: Jinsi Tabora Inavyolaza Timu kwa Gharama Ndogo

Mwaka 2022 Tabora ilipokea mashindano ya kitaifa ya michezo ya shule: kwanza UMITASHUMTA ya shule za msingi, kisha UMISSETA ya sekondari. Mikoa yote 26 ya Tanzania Bara hualikwa, na kila mkoa huleta watoto wa soka, netiboli, voliboli, kikapu, mpira wa mikono, riadha, pamoja na walimu wao. Magazeti yaliandika mabao na medali, kama kawaida. Mimi nataka tuangalie mahali walipolala, kwa sababu hapo ndipo bajeti ya michezo ya shule inapoponea au kufia.

Tupige hesabu ya mfano. Chukua msafara wa mkoa mmoja wenye watu 100, uulaze gesti wawiliwawili, chumba shilingi 20,000, kwa siku 10. Hiyo ni milioni 10 kabla mtu hajanywa hata chai. Zidisha kwa mikoa 26: milioni 260. Lakini hata fedha zikipatikana, vitahitajika vyumba 1,300 kwa wakati mmoja, na mji wa kiasi cha Tabora ukiombwa vyumba vingi namna hiyo kwa mkupuo, bei hupanda siku hiyohiyo. Mfanyabiashara aliyeshuka kituoni usiku atakosa pa kulala, na timu zitatawanyika mitaani ambako mwalimu hawezi kuhesabu watoto wake.

Njia inayotumika ni ya mabweni. Tabora ni mji wa shule kongwe: Tabora Wavulana, alikosoma Julius Nyerere, Tabora Wasichana, Milambo, na Chuo cha Ualimu. Wanafunzi wao wakienda likizo, vitanda hubaki vitupu, majiko yamepoa, viwanja vipo hatua chache kutoka mlangoni. Mashindano kwa kawaida hupangwa yaangukie kipindi hicho. Na kwa kuwa UMITASHUMTA hutangulia na UMISSETA hufuata hapohapo, maandalizi ya aina moja huhudumia makundi mawili: tangi la maji likishakarabatiwa na majiko yakishajengwa, gharama yake inagawanywa mara mbili. Kwangu hilo ndilo jambo la akili zaidi katika mpango mzima, na halisemwi vya kutosha.

Eneo hili lina uzoefu mrefu wa kulaza wasafiri wengi kwa gharama ndogo. Katika karne ya 19 njia ya misafara ya Bagamoyo kwenda Ujiji ilipita hapa Unyanyembe, eneo lenye Tabora ndani yake. Wapelelezi wa Kiingereza Burton na Speke walifika Kazeh, ndiyo Tabora ya leo, mwezi Novemba 1857. Wapagazi wa Kinyamwezi walijigawa katika vikundi vidogo vilivyochangia chungu kimoja na kibanda kimoja cha nyasi, na mara nyingi vibanda vilivyoachwa na msafara mmoja vilitumiwa na msafara uliofuata. Matajiri walipumzika kwenye matembe ya Kazeh na ya Kwihara iliyo jirani. Kilichowaumiza wenye misafara zaidi kilikuwa siku. Kila siku ya kusubiri ilidai posho ya nguo na shanga kwa kila kichwa, msafara utembee usitembee. Mpelelezi Stanley alikwama Kwihara mwaka 1871 kwa sababu ya vita vya mtemi Mirambo, na gharama ziliendelea kukimbia.

Timu ya leo nayo huliwa na siku. Ratiba inayoacha siku mbili tupu kati ya mechi ni ghali kuliko chumba cha bei ya juu. Kwa hiyo kabla ya kubishana na mwenye gesti, bishana na kamati ya ratiba. Timu ya Kigoma ikipanda treni ya reli ya kati jioni na kushuka Tabora asubuhi, imelipa nauli na malazi kwa mkupuo mmoja. Ila treni huchelewa, basi mechi ya kwanza isipangwe siku ya kuwasili. Usiku uliookolewa kwa kumpeleka mtoto uwanjani akiwa na usingizi haujaokoa kitu.

Sasa tuingie bwenini, maana kazi yenyewe iko humo. Kitanda cha deka kina vyuma vinavyolegea, na mbao za chini hupotea likizo hata likizo. Mratibu mzuri hupita wiki mbili kabla na daftari: chumba hiki vitanda 12, magodoro 10, vyandarua 7, kitasa kibovu. Mwenyeji na mgeni husaini pamoja, na siku ya kuondoka hukagua tena kwa daftari hilohilo. Bila hivyo mkuu wa shule hulipia magodoro yaliyochanika, na mwaka unaofuata hatafungua mlango. Usiku wa kiangazi Tabora una baridi, kwa hiyo kila mtoto aelezwe kabla ya safari aje na blanketi, shuka na ndoo yake. Kununua ndoo 100 dakika ya mwisho sokoni ni matumizi ambayo barua moja kwa mzazi ingeyazuia.

Maji yalikuwa shida kubwa ya mji huu kwa miaka mingi. Mradi wa kuleta maji ya Ziwa Victoria Tabora, Igunga na Nzega umebadili mengi, lakini vyoo vya shule havikujengwa kwa mashindano. Hapa sikubali kubana matumizi. Hesabu matundu ya vyoo kabla ya kuhesabu vitanda. Tumbo likianza kuuma kwa mtoto mmoja, bweni zima litaugua, na fedha zote zilizookolewa zitaishia zahanati.

Jambo lingine lisilobanwa ni moto. Tumezika watoto kwa sababu ya mabweni yaliyoungua, katika shule za Shauritanga mwaka 1994 na Idodi mwaka 2009. Kubandika magodoro sakafuni hadi mlango usifunguke vizuri, ili mkoa wa ziada uingie, ni hatari ambayo hakuna mratibu mwenye haki ya kuichukua. Milango miwili iwe wazi, funguo zikae kwa patroni au matroni anayelala humohumo, na mishumaa ipigwe marufuku. Wasichana walale kwenye jengo lao lenye matroni wao na taa njia yote ya chooni.

Klabu ndogo za ligi haziwezi kungoja likizo, lakini zinaweza kuuliza hosteli za vyuo na nyumba za wageni za makanisa, ambako mara nyingi chumba huja na jiko. Timu inayopika wali na maharage yake huokoa fedha kila mlo.

Katibu wa michezo unayepanga safari ijayo ya Tabora, anza na barua kwa mkuu wa shule ya bweni miezi mitatu kabla, ukiomba idadi ya vitanda, ya matundu ya vyoo na ya milango. Bei ya gesti iulize baadaye.