Kicheko kinabebwa na nani? Mufwankolo na ufundi wa kuandika ucheshi

Mwaka 1986 Johannes Fabian, mwanaanthropolojia aliyewahi kufundisha chuo kikuu hapa Lubumbashi, aliwauliza waigizaji wa kikundi cha mchekeshaji Mufwankolo maana ya msemo mmoja wa Kifaransa: Le pouvoir se mange entier, yaani madaraka huliwa mazima. Alitaka kujua watu wa Shaba, kama Katanga ilivyoitwa enzi zile, wanauelewaje. Waigizaji hawakuishia kwenye maelezo. Waliamua kuutungia igizo. Wakaligawa katika maonyesho, wakalifanyia mazoezi, na mwisho wakaenda kuliigiza katika kijiji cha Kawama, nje ya mji, mbele ya kamera za televisheni.

Namna walivyofanya kazi ile ni somo zuri kuliko mengi ninayoyajua kwa mtu anayetaka kuandika ucheshi. Vijana wa hapa mtaani kwetu Karavia wanaojaribu kuandika vichekesho huanza kwa kutafuta neno la kuchekesha. Wakilipata, hulibeba hilohilo kila mahali: leo kwenye maigizo, kesho kwenye redio, keshokutwa kwenye makala ya gazeti. Mara ya kwanza watu wanacheka, mara ya pili wanatabasamu, mara ya tatu wanakaa kimya, na mwandishi anadhani watu ndio hawana akili ya kucheka.

Tuanze na msemo wenyewe. Hauna mzaha ndani yake. Ni maneno mazito, hata ya kutisha, hasa katika Zaire ya Mobutu. Anayetaka kuufanya igizo hawezi kuutia chumvi ya utani juujuu. Lazima aulize: nani anakula, anakula mbele ya nani, na nani ananyimwa akiwa amekaa palepale? Wazo likishajibiwa maswali hayo linakuwa watu: kuna mkubwa, kuna wasaidizi wake, kuna mwenye shida aliyekuja kusikilizwa. Kicheko kinaanzia kwenye umbali kati ya jinsi mtu anavyojidai na jinsi wengine wanavyomwona. Hapo bado hakuna hata sentensi moja iliyoandikwa.

Na kwa kweli kikundi hakikuwa na andiko la kukariri. Kilikuwa na mpango mfupi wa maonyesho: nani anaingia, ana shida gani, jambo gani lazima litokee kabla hajatoka. Maneno yalizaliwa papo hapo, kwa Kiswahili cha Katanga, yakabadilika kutoka zoezi moja hadi jingine. Wapo watakaosema huo ni uvivu wa kuandika. Mimi naona ni uandishi wa aina yake, tena mgumu. Walitunga hali iliyokazwa vizuri kiasi kwamba mwigizaji hodari akiwekwa ndani yake hawezi kukosa la kusema. Hali ikiwa legelege, hata maneno matamu huanguka.

Kisha kuna sikio. Kiswahili chetu kina ngazi zake, na kila mtu wa mji huu anazisikia bila kufundishwa: Kifaransa cha ofisini, Kiswahili cha Tanzania tunachokisikia redioni, Kiswahili cha nyumbani chenye batu (watu) na bintu (vitu), na lugha za vijijini zinazojitokeza mtu akikasirika. Mhusika anayepanda ngazi bila kuitwa, kwa mfano anayemwamkia mama mzee kwa Kifaransa ili aonekane mkubwa, anachekesha katika komini za Katuba au Kamalondo. Mlete huyohuyo Karavia, kwenye ukumbi wa arusi jirani na hoteli na ziwa, ambako nusu ya wageni wanaongea Kifaransa siku nzima, na hakuna atakayeshtuka. Hapo unahitaji kinyume chake: mkurugenzi anayeanza hotuba kwa Kifaransa kilichonyooka, akipandwa na hasira anateremka mpaka Kiswahili cha mama yake. Ngazi ni zilezile, ila mwendo umegeuzwa.

Nitatoa mfano wangu mwenyewe, wa kubuni. Baba amekwenda ofisi ya komini kutafuta cheti cha kuzaliwa cha mtoto wake. Karani anamjibu: “Chef haiko, papa. Urudie kesho.” Ni hali moja, tuone inavyopita katika kazi nne.

Jukwaani, kicheko kinabebwa na muhuri. Karani anaufungua, anaupulizia pumzi, anaufuta kwa leso, anauinua juu ya karatasi, baba naye anainuka pamoja nao. Muhuri unarudishwa kwenye kisanduku. Baba anakaa. Maneno yanakuja mwisho kabisa, nayo yawe machache, kwa sababu mwili umeshasema. Mwandishi anayejaza maneno pale anamnyang'anya mwigizaji kazi yake.

Redioni muhuri hauonekani. Ukiandika karani aseme “sasa napulizia muhuri”, umeua kila kitu. Tafuta sauti: droo inafunguliwa, karatasi zinapekuliwa, kiti kinalia, kisha kimya. Kimya hicho kinamfanya msikilizaji aliye nyumbani ashike pumzi. Halafu sauti tamu, ya adabu zote: “Urudie kesho.” Adabu ndiyo inayochekesha. Karani mkali redioni anaudhi tu, lakini karani mpole anayekunyima haki yako kwa upole anakaa masikioni wiki nzima.

Kwenye wimbo, mzigo unahamia kwenye kiitikio. Maneno hayabadiliki, anayeyasema ndiye anayebadilika. Ubeti wa kwanza karani anamwambia baba arudi kesho. Ubeti wa pili karani ameenda kwa mchumba wake, naye anaambiwa vilevile. Ubeti wa tatu mwenye nyumba anadai kodi, na karani ndiye anayeomba kesho. Msikilizaji anaanza kuimba kiitikio kabla hakijafika, na furaha ya kujua kinakuja ndiyo kicheko chenyewe. Mji huu uliijua kazi hiyo zamani. Edouard Masengo alitoka katika JECOKE, vijana wachekeshaji wa komini ya Kenya hapa Lubumbashi, kundi lililochanganya dansi, gitaa na vichekesho, na baadaye akaimba matangazo ya Coca-Cola huko Nairobi. Tangazo la biashara ni shule kali: una sekunde chache, na jina la bidhaa lazima likae ndani ya furaha yenyewe, lisining'inie nje.

Karatasi ndiyo ngumu kuliko zote, nami nataka kukaa hapo kidogo. Mwaka 1990 Fabian alichapisha Power and Performance, kitabu chenye maneno ya mazoezi na ya igizo lile, Kiswahili cha Shaba pamoja na tafsiri ya Kiingereza. Ni kazi ya heshima kubwa kwa wasanii wetu. Lakini isome ukiwa peke yako, kimya: unaelewa kwamba watu wanachekesha, ila wewe mwenyewe hucheki sana. Hilo si kosa la mnukuzi wala la waigizaji. Mwili umebaki Kawama, sauti imebaki kwenye mkanda, na watu waliocheka kando yako hawapo. Karatasi imepokea maneno peke yake, na maneno hayakuwa mbebaji.

Mwandishi wa makala anapaswa kumtafuta mbebaji mpya, na kwa kawaida ni msimulizi. Wahome Mutahi, mwandishi wa nchi ya Kenya, alilijua hili vizuri. Katika safu yake Whispers hakuwa akirusha vichekesho vya kila aina. Alijenga nyumba moja yenye watu wasiobadilika: Whispers mwenyewe anayejiona simba, mkewe Thatcher, na watoto wao. Msomaji aliyewajua alianza kucheka tangu mstari wa kwanza, kwa sababu alijua baba anajidanganya kabla baba mwenyewe hajajua. Alipoandika maigizo kwa Kigikuyu, yakachezwa katika baa na kumbi za burudani, aliacha sauti ile ya faragha akachukua hotuba, vazi na kishindo cha mkubwa. Hakuhamisha sentensi; alihamisha jicho lake juu ya wenye madaraka, jicho lililompeleka kizuizini mwaka 1986, mwaka uleule Mufwankolo na wenzake walipokuwa wakitunga igizo lao.

Basi karani wetu kwenye makala atasimuliwa hivi: mwandishi amsifu kwa moyo wote. Karani huyu hajawahi kumfukuza mtu. Ana kumbukumbu nzuri, anamwita kila mwombaji kwa jina, anauliza habari za nyumbani. Amemuuliza baba yule habari za mtoto wake kila mwezi, kwa upendo. Na mtoto anaendelea vizuri. Juzi amenyoa ndevu zake za kwanza. Neno ndevu limewekwa karibu na mwisho kwa makusudi. Lilete mapema, msomaji atajua kila kitu na hataona sababu ya kuendelea.

Turudi Kawama: kuna faida nyingine katika mahali walipopachagua Mufwankolo na wenzake, nayo si ya sanaa peke yake. Igizo kuhusu madaraka liliwekwa kijijini, kwa chifu, wala si ikulu. Mtazamaji wa mwaka ule aliruhusiwa kumcheka chifu, na kila mmoja alikuwa huru kufikiri zaidi akiwa amefunga mdomo. Anayeandika ucheshi chini ya wakubwa ajifunze hapo: chagua mahali ambapo msomaji anaweza kucheka bila kujiingiza hatarini.

Kazi za wachekeshaji wetu zilipita hewani na nyingi hazikuandikwa. Maneno ya igizo la Kawama yalichapishwa Marekani, na bei ya kitabu hicho si ya mwanafunzi wa komini ya Ruashi. Kama nyumbani kwenu kuna kaseti au mkanda wa Mufwankolo, au wa kikundi kingine cha mji huu, msirekodi kitu kingine juu yake na msiutupe. Upelekeni unakiliwe, kisha kaeni na mtoto anayependa kuandika, msikilize pamoja, na muulizeni kila mara watu wanapocheka: hapo kicheko kimebebwa na nani?